Bia ya Keki na Funda la Kwanza

Jumatatu mchana, Makambako.

Upepo wa leo unatafuta mifupa. Nimejibanza kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi, koti sijavua, na nina dakika arobaini kabla ya kurudi kazini. Wenzangu wamekwenda kula wali na maharage. Mimi nimekuja kuandika, maana nisipoandika leo najijua, sitaandika tena.

Wanaosoma blogu hii hawazidi watu saba, na mmoja wao ni mimi mwenyewe. Wanakwaya wenzangu hawajui mtandao ni nini. Kwa hiyo naweza kusema.

Jumamosi nilikunywa bia.

Funda moja tu. Lakini lilikuwa limechelewa miaka kumi na minne.

Nianze na Ijumaa. Kaka yangu Lameki alishuka kwenye basi lililotoka Tunduma, saa nane mchana, akaja moja kwa moja dukani. Mimi ni karani kwenye duka la vipuri vya malori la Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, mtu wa swala tano, ambaye ameishi Makambako hii tangu kabla sijazaliwa. Miaka sita sijamwona Lameki. Alikwenda Sauzi akiwa kijana mwembamba, amerudi na kitambi na ndevu. Nilimtambua kwa mwendo. Anatembea kama mama, bega moja mbele.

Begi lake lilinukia keki. Sitanii. Lilinukia keki ya harusi, yenye kakao na vanila, duka zima likasahau harufu ya grisi. Mzee Shabani akatabasamu, akasema karibu mgeni, tena umetuletea na keki. Lameki hajui kudanganya. Akasema si keki, mzee, ni bia. Alibeba chupa nne, mbili zimepasukia njiani, sasa sweta zake zote zimelewa.

Mzee Shabani alirudi nyuma hatua mbili. "Bia ya keki," akasema taratibu. "Kweli duniani watu wana nafasi." Kisha akaongeza kwa upole kwamba mgeni karibu sana, begi nalo karibu, ila hiyo keki ingojee nje. Begi likangojea nje, na mimi nikapewa ruhusa ya kuondoka mapema ili nimpeleke kaka kwa mama, Njombe.

Njiani Lameki alinieleza. Huko aliko amepata kazi kwa mzungu mmoja anayepika bia nyuma ya nyumba yake, si kiwanda, ni watu sita na mapipa yanayong'aa. Alianza kwa kuosha mapipa. Sasa yeye ndiye anayekaanga shayiri. Bia hii nyeusi wanaweka kakao, vanila, na sukari itokanayo na maziwa, na watu wanainywa baada ya chakula, mahali pa kitu kitamu. Kwenye karatasi ya chupa wamechora kipande cha keki. Alikuwa anaisifia kama mtu anayesimulia habari za mtoto wake.

"Nataka mama aonje," akasema. "Aone kwamba kazi yake sikuiacha."

Nilitazama dirishani. Mashamba ya mahindi yamekwisha kuvunwa, mabua yamesimama makavu.

Mama anaumwa. Ni uvimbe tumboni. Hospitali walimtazama, wakampa vidonge vya maumivu, wakasema arudi nyumbani akapumzike, na sisi watu wazima tunajua maana ya kupumzika. Wiki ya tatu sasa kila kitu kinywani mwake ni maji. Uji ni maji. Mchuzi wa kuku ni maji. Anasema si kwamba hataki kula, ila hakuna kinachomjibu ulimini. Mwanamke ambaye zamani alikuwa akinusa kimea cha ulezi na kukuambia kimelowekwa siku ngapi.

Hapa lazima nieleze, la sivyo funda langu halina maana.

Mama alikuwa mpishi wa komoni, pombe ya mahindi na ulezi, pale pale nyumbani kwetu Mjimwema, Njombe. Komoni yake ilikuwa na jina. Miaka ile ya ruksa, bia za chupa zilipoanza kujaa mjini na kila mtu kutaka kuonekana na chupa mkononi, watu wazima bado walikuja uani kwetu Alhamisi na Jumamosi, wakaketi kwenye magogo na makopo yao. Baba alikuwa amefariki. Komoni ndiyo iliyotulisha, ndiyo iliyomsomesha Lameki sekondari. Na kwa ajili ya komoni hiyo hiyo usharika ulimweka mama nje ya Meza ya Bwana. Jumapili alikaa benchi la nyuma, na watu walipokwenda mbele kushiriki, yeye alibaki amekaa akitazama mikono yake.

Kwetu mtu hapewi pombe hivi hivi. Anayeitoa huonja kwanza, mbele ya macho ya anayepewa, ndipo anamkabidhi. Tunaita kutoa sumu. Hata ndugu kwa ndugu, hata mke kwa mume. Usipoonja, umemtukana mtu, au umemtisha. Mama alinifundisha hivyo tangu nikiwa na miaka kumi: onja, meza, aone koo lako linavyopanda na kushuka, kisha mpe.

Nilipofika miaka kumi na mitano nikapata kipaimara. Gauni jeupe, picha, kuku. Nilikwenda kwenye Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na nilipogeuka kurudi nikamwona mama kule nyuma, peke yake kwenye benchi zima.

Alhamisi iliyofuata akaja Mzee Mlowe, mapema kabla ya wengine. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuja. Akaniita, akanipa kopo, akasema mpelekee mzee, anza wewe. Nikaenda. Mzee Mlowe akapokea kwa mikono miwili, akaninyooshea tena kopo ili nionje. Nikasema nimeonja ndani.

Sikuwa nimeonja.

Akanitazama kidogo. Alikuwa mtu mpole. Akanywa.

Kwa miaka yote hii nimejisimulia kwamba nilikataa kwa ajili ya ahadi yangu ya kipaimara. Si kweli. Sikukataa kwa ajili ya Mungu. Nilikataa kwa sababu nilimwonea mama aibu.

Mzee Mlowe aliugua Ijumaa, akafa Jumapili. Alikuwa na tumbo lake la siku nyingi, kila mtu alilijua. Lakini msibani mkewe alisema neno moja: kwamba mzee alirudi nyumbani siku ile akamwambia, leo nimekunywa kopo ambalo halikuonjwa mbele yangu. Basi. Neno likitoka halirudi. Baada ya maziko wazee watatu walikuja uani kwetu, wakaketi kwenye yale magogo, wakamuuliza mama: kopo la marehemu, nani alionja?

Mama akanitazama. Mimi nikatazama chini.

Hata sekunde tano hazikupita. Akasema, "Ni mimi. Nilimpelekea mwenyewe, nikasahau kuonja."

Yule aliyekuwa hasahau hata punje.

Wazee hawakumshtaki. Walitikisa vichwa, wakaondoka. Ila Alhamisi iliyofuata hakuja mtu, na Jumamosi hakuja mtu. Wiki ya tatu mama alimwaga pipa zima kwenye mtaro, nguruwe wa jirani wakalewa, watoto wakacheka. Mwezi haukuisha akawa amevunja mafiga. Akaanza kuuza viazi barabarani. Lameki alikuwa kidato cha pili, akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na hakurejea tena darasani.

Na usharika ukamfurahia mama. Hapo ndipo roho inaponiuma zaidi. Walisema mama ametubu, ameacha pombe. Wakampigia makofi, wakamrudisha Mezani, na akina mama wa usharika wakachanga ili binti wa mwenzao aliyeokoka aende kujifunza uhazili. Binti huyo ni mimi. Kiti ninachokalia dukani kwa Mzee Shabani nimekipata kwa njia hiyo. Kaka yangu alipoteza shule kwa uongo wangu, mimi nikapata shule kwa uongo ule ule, na mama akawa ametubu kosa ambalo hakulitenda.

Sikuwahi kusema. Kwanza niliogopa, kisha nikazoea. Mtu anaweza kuzoea chochote.

Basi, Jumamosi.

Asubuhi majani uani yalikuwa meupe kwa baridi, lakini kufika saa sita jua likatoka. Tukamtoa mama nje, tukamkalisha kwenye kiti cha mkeka, blanketi mbili magotini. Lameki alimsalimia kwa Kibena, "Kamwene, mama," kama tulivyomsalimia tukiwa wadogo, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Wakazungumza habari za Sauzi. Alitaka kujua huko wanapika kwa kuni gani. Lameki akasema ni gesi, mama. Akakunja uso kama aliyesikia habari ya msiba.

Kisha Lameki akaleta chupa moja. Ya pili alikuwa ameiweka kando, akaniambia kwa utani kwamba hiyo ni yangu na yake, tutainywa nikishajiuzulu kwaya. Akafungua ya mama. Harufu ikajaa ua mzima. Akamimina kwenye glasi, nyeusi kama kahawa iliyolala, na povu lake la rangi ya udongo. Akapiga goti, akampa mama kwa mikono miwili.

Mama hakupokea.

"Nani ameonja?" akauliza.

Lameki akacheka. Akasema, mama, hiyo ilikuwa imefungwa, kizibo kimetoka sasa hivi mbele yako. Miaka sita kwenye mapipa yanayong'aa imemsahaulisha. Mama akangoja tu. Lameki akajipiga paji la uso, akaomba radhi, akainua glasi aonje.

"Si wewe," mama akasema. "Yeye."

Alinyoosha kidole. Kidole chenyewe siku hizi ni mfupa na ngozi, lakini hakikutetemeka.

Lameki akasema kwa kunitetea kwamba Tuli hanywi, mama, unajua ni mtu wa kwaya. Mama hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi kwa macho yale yale ya siku ya wazee watatu, na nikaelewa kwamba ameningoja. Hakukasirika miaka yote hiyo. Alikuwa ameningoja tu, na sasa muda wake unakwisha.

Ningeweza kuonja tu nikanyamaza. Lameki asingejua chochote. Nilifikiria hivyo, nakiri, hata glasi ikiwa tayari mkononi mwangu nilifikiria hivyo.

Nilikunywa. Ilianza tamu, utamu wa keki kweli, kakao na kitu cha maziwa maziwa, nikadhani ndiyo basi. Kisha utamu ukaondoka ukaniachia uchungu, uchungu wa nafaka iliyoungua, ule ule wa moshi na unga unaokaangwa kwenye pipa lililopasuliwa, mama ameinama juu yake na mwiko mrefu, mimi nachochea kuni. Sikutegemea. Kitu kimetoka nchi za watu, kimechorwa keki, ndani yake upo ua wetu. Nikameza, na nikahakikisha mama ameona koo langu.

Nikampa. Kisha nikamgeukia kaka yangu nikasema.

Sikusema vizuri. Nilisema Mzee Mlowe alipewa kopo na mimi. Nilisema sikuonja, nilimdanganya nimeonja. Nilisema mama alichukua lawama, na mimi nikamwacha aichukue. Maneno hayakufika hata kumi na tano kwa kila jambo, na nilikuwa nimeyabeba tangu nikiwa na gauni la kipaimara.

Mama alikuwa wa kwanza kusema kitu. Alisema, "Leo umeonja." Akaipeleka glasi mdomoni.

Alishika funda lake kinywani muda mrefu, macho amefumba. Nikaona mashavu yake yanafanya kazi. Alipomeza akamwambia Lameki kwamba nafaka imekaangwa mno, moto ulimzidi. Lameki akasema ndivyo wanavyotaka huko, mama. Mama akasema, halafu mmeficha kwa sukari. Akanywa tena.

"Lakini ina ladha," akasema. "Mkono wetu upo."

Wiki tatu kila kitu kilikuwa maji.

Lameki alisimama. Aliniuliza swali moja tu, na hakunipigia kelele, afadhali angenipigia. "Nilikuwa kidato cha pili, Tuli. Unajua?" Nikasema najua. Akasema alikuwa wa tatu darasani. Nikasema najua. Akaenda nyuma ya nyumba akaanza kupasua kuni. Kuni tunazo, zimepangwa ukutani hadi dirishani. Alipasua mpaka jua likashuka na baridi ikarudi, na mimi nilikaa na mama nikisikia kila pigo la shoka. Ile chupa ya pili niliiona ameirudisha kwenye begi, ameizungushia sweta.

Wakati wa kula Lameki alimlisha mama mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na mama akala nusu bakuli.

Nilipokuwa namfunika, mama akaniambia kwamba bado mmoja. Alimaanisha mjane wa Mzee Mlowe, ambaye yuko hai, nyumba ya tano kutoka kwetu, na mpaka leo akipita mlangoni petu huvuka upande wa pili wa barabara. Nikamwambia nitakwenda. Akasema uende mchana, usimwendee mwenzako na habari nzito kiza kimeingia. Kisha akalala.

Jana Jumapili nilikwenda kanisani. Kwaya iliimba nyimbo mbili na mimi nilisimama mstari wa mbele, funda la bia tumboni, na kwa mara ya kwanza tangu gauni jeupe sikujiona mnafiki. Sijui mchungaji atasemaje nikimweleza. Nitamweleza. Kama atanikalisha benchi la nyuma nitakwenda kukaa, nalijua lilipo.

Nilirudi nyumbani mbio mbio nikijisemea hotuba nzima ya kumwambia kaka. Nikamkuta mama peke yake juani. Lameki ameondoka, amesema apate basi la mapema, likizo yake ni fupi. Hakuacha barua. Hakuacha salamu. Niliuliza mara mbili, mama akasema hakuacha. Nikaketi kwenye gogo moja la yale ya zamani, nikalia bila kujificha.

Mama akaniacha nilie. Nilipochoka akasema niingie jikoni, kuna chombo kimefunikwa, nikitoe kabla inzi hawajakiingia.

Juu ya meza ilikuwa ile chupa ya pili. Kizibo kimetolewa, kimewekwa pembeni, na juu ya mdomo wa chupa amefunika kisahani cha chai. Nilifikiri Lameki ameinywa akaniachia chupa tupu, na nikasema moyoni nimestahili. Nikaiinua. Ilikuwa nzito.

Nikaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imepungua funda moja.